Sheria za unywaji mafuta wa magari: Malindi tunavuna au tunalipia?

MwanaMuyeye aliandika:

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nataka hesabu kwa wanaoijua, maneno ya baraza tushayachoka.

Kikundi chetu kinataka kuagiza gari moja la kukodisha na dereva wake: abiria wa Malindi kwenda Mombasa na kurudi, siku nyingine Watamu na uwanja wa ndege. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaotaka Probox ya petroli, 1500cc, na wapo wanaotaka haibridi (gari la petroli linalosaidiwa na mota na betri ya umeme), Aqua au Fielder. Wa haibridi wanasema Wajapani na Wazungu wamewabana watengenezaji kwa sheria za mafuta, kwa hivyo gari la karibuni lazima linywe kidogo. Wa Probox wanasema sheria hizo hizo ndizo zilizotuletea magari ghali, giaboksi za kubembelezwa na betri za bei ya kiwanja, na kwamba akiba yote ya mafuta inaishia gereji.

Naomba kujua: sheria hizi zinafanyaje kazi kwa upande wa pesa, na nani hasa hulipa? Kenya nayo ikikaza, nauli zetu zitakuwaje? Na ni kilomita ngapi kwa mwezi ndipo haibridi ijilipe?

HesabuKwanza alijibu:

Wa aleikum salaam ndugu. Nianze na swali la kwanza, maana hayo mengine yametoka humo.

Marekani ilitunga sheria yake 1975, baada ya Waarabu kuwazuilia mafuta 1973. Inaitwa CAFE. Haimkatazi mtu kununua gari linalokunywa. Inampima mtengenezaji kwa wastani wa magari yote aliyouza mwaka ule. Kwa magari madogo kiwango kilianza maili 18 kwa galoni kwa modeli za 1978 kikapanda hadi 27.5 kwa modeli za 1985, yaani kilomita 11.7 kwa lita. Pikapu na jamaa zake walipewa kiwango chepesi zaidi. Basi watengenezaji wakahamia huko: gari la familia likavishwa umbo la pikapu, likaandikwa pikapu, likauzwa kwa wingi, na wastani wa nchi nzima ukakwama miaka mingi. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa kwa yeyote atakayeandika sheria kama hiyo hapa. Ukiweka milango miwili, mmoja mwembamba na mmoja mpana, biashara yote itapita mpana. Mwaka 2025 Marekani iliteremsha faini ya CAFE hadi sifuri, kwa hivyo sheria ipo lakini haina meno.

Ulaya wanapima moshi badala ya lita, lakini ni kitu kimoja, kwa sababu lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Kiwango chao cha 2020 hadi 2024, gramu 95 kwa kilomita, kilikuwa sawa na lita 4.1 hivi za petroli kwa kilomita 100. Mtengenezaji akizidisha, hulipa yuro 95 kwa kila gramu, kwa kila gari aliloandikisha. Gramu tatu tu juu ya kiwango ni yuro 285 kwa gari. Zidisha kwa magari laki moja, utaelewa kwa nini wanaona afadhali watie haibridi.

Sisi inayotugusa ni ya Japani, iliyoanza 1999, kwa jina Top Runner. Wanaangalia gari linalokunywa kidogo kuliko yote katika daraja lake la uzito, kisha namba yake inakuwa shabaha ya wote kwa mwaka uliopangwa. Shabaha ya 2015 ilikuwa wastani wa kilomita 16.8 kwa lita, ya 2020 ikawa 20.3, na ya 2030 ni 25.4 kwa kipimo kipya. Juu yake serikali humpunguzia kodi mnunuzi wa gari linaloweka akiba, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Ukichanganya na ukaguzi wao wa kila miaka miwili, ambao ni ghali, Mjapani huona afadhali aliuze gari angali zima. Likishauzwa mnadani, safari yake ni bandari ya Kilindini.

Nani hulipa, basi? Mtengenezaji hutumia pesa kwa teknolojia, na sehemu kubwa humrudishia mnunuzi wa kwanza katika bei. Gari likifika miaka saba, bei imeshaanguka, na ile gharama ya teknolojia imeanguka nayo. Lakini akiba ya mafuta haichakai kwa mwendo huo. Injini iliyokuwa ikienda kilomita 20 kwa lita Nagoya bado huzienda Gede, madhali imetunzwa. Kwa hivyo mnunuzi wa pili hupata akiba karibu yote kwa sehemu ndogo ya gharama. Anachorithi pamoja nayo ni uchakavu, na hapo wenzako wa Probox wana hoja. Nitamwachia fundi hiyo.

Sasa namba. Hizi ni za kukadiria, weka zako mahali pake. Petroli shilingi 180 kwa lita. Malindi–Mombasa kwenda na kurudi kilomita 240, siku 26 kwa mwezi, jumla 6,240. Probox iliyopakia ichukue 13 kwa lita: lita 480, shilingi 86,400. Haibridi ichukue 20: lita 312, shilingi 56,160. Tofauti ni 30,240 kwa mwezi. Kutoka hapo ondoa akiba ya kununulia betri mpya baadaye, shilingi 1.50 kwa kila kilomita, yaani 9,360, uiweke kando kabisa isiguswe. Inabaki 20,880. Kama haibridi imekuzidi bei kwa laki tatu na nusu, inajilipa kwa miezi 17.

Lifanye gari hilo hilo la kuzunguka mjini tu, Barani, Kisumu Ndogo, Lamu Road, kilomita 1,560 kwa mwezi. Probox 11 kwa lita, haibridi 19, maana kwenye kusimama-simama ndipo haibridi inapong'ara. Tofauti ni lita 60, kama shilingi 10,750. Toa akiba ya betri 2,340, inabaki 8,400 hivi, na laki tatu na nusu inarudi kwa miezi 42. Gari la nyumbani la kilomita 600 kwa mwezi halitarudisha tofauti hiyo kabla hujalichoka. Kwa hivyo usiulize gari lipi linakunywa kidogo kabla hujajua litatembea kiasi gani.

Kitu kimoja wengi hukosea: kilomita kwa lita inadanganya macho. Gari kutoka 15 kwenda 20 linaonekana limepiga hatua kubwa, kumbe katika kilomita 100 limeokoa lita 1.7 tu. Matatu ya abiria 14 ikitoka 7 kwenda 9 imeokoa lita 3.2. Ndiyo maana Kenya ikikaza sheria, pesa nyingi iko kwenye matatu, malori ya chumvi ya Gongoni na pikapu za mizigo kuliko kwenye Vitz ya mwalimu.

FundiBarani alijibu:

Mwanzo mtenganishe vitu viwili. Kichujio cha masizi kwenye sailensa ya dizeli hakikuletwa na sheria ya unywaji mafuta. Kile ni cha sheria ya moshi mchafu. Tena kinaongeza unywaji kidogo, kwa sababu kila baada ya masafa fulani injini humwaga dizeli ya ziada kuchoma masizi. Kikizibwa na safari fupi za mjini, dawa ni mwendo wa barabarani mfululizo na oili ya majivu machache. Kukitoboa siyo dawa. Nasema hivi kwa sababu kila gari likisumbua watu hulaumu sheria moja.

Vilivyoletwa na sheria ya mafuta kwenye magari yetu ya Kijapani ni hivi: oili nyepesi ya 0W-20, giaboksi za CVT (zinazotumia mkanda na puli badala ya gia), petroli kumwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, injini kujizima kwenye taa, na haibridi. Kila kimoja kina namna yake ya kula pesa kikipewa matunzo ya gari la 1998.

Oili. Injini ya 0W-20 ina nafasi ndogo za kupitisha oili na vichujio vidogo vya mfumo wa kubadilisha majira ya valvu. Ukiitia oili nzito ya 20W-50 kwa sababu "Malindi joto", asubuhi oili inachelewa kufika juu, mnyororo unagonga, majira yanakosea, na unywaji unapanda. Joto la nje halihusiki sana, injini ikishapata joto ni ile ile Malindi na Osaka. Injini ikishaanza kula oili, nenda 5W-30, usivuke hapo. Badilisha kila kilomita 5,000 kwa kazi ya kukodi.

CVT. Inataka oili yake yenyewe, iliyoandikwa CVT. Ukitia ya giaboksi ya kawaida, mkanda wa chuma unateleza juu ya puli, vumbi la chuma linasambaa, na ndani ya miezi gari linavuta kama limefunga breki. Ukisikia mlio mwembamba ukitoka kwenye tuta, simama hapo hapo, usisubiri Kilifi. Oili yake ibadilishwe kila kilomita 40,000, sampu ifunguliwe, sumaku zifutwe.

Petroli ndani ya silinda, kama kwenye Demio nyingi za miaka hii. Mafuta hayapiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hivyo hayazisafishi. Masizi yanagandamana mpaka hewa inakosa njia. Dalili ni kutetema asubuhi na nguvu kupungua, huku plagi ni mpya. Dawa ya kutia kwenye tangi haifiki pale. Inabidi manifoldi itolewe na valvu zisafishwe kwa mkono.

Haibridi sasa. Aqua ina betri ya moduli 20 za volti 7.2, jumla 144, chini ya kiti cha nyuma. Hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia wavu ulio ubavuni mwa kiti. Abiria huweka begi pale, vumbi la barabara ya mchanga huingia, nywele na uzi wa kanga hukamilisha kazi. Feni ikiziba, betri inapata joto kupita kiasi, kompyuta inaibania, injini ya petroli inafanya kazi zaidi, na unywaji unapanda wiki nyingi kabla taa haijawaka dashibodi. Wavu usafishwe kila kilomita 10,000, na feni yenyewe itolewe kila mwaka. Ni kazi ya saa moja. Betri nyingi zinazosemekana "zimekufa kwa uzee" zimeuawa na feni hiyo.

Jambo la pwani hasa ni vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Chumvi ya hewa huvigeuza kijani. Upinzani unaongezeka, volti zinasomeka vibaya, na fundi asiyejua anauza betri mpya wakati kilichohitajika ni kusugua shaba na kufunga upya kwa spana ya kipimo. Kabla ya kugusa: chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, subiri dakika 10, vaa glovu za umeme. Volti 144 hizo za mkondo mnyoofu zinaua.

Na usikubali kubadilishiwa moduli moja chakavu kwa nyingine chakavu. Nguvu zao hazilingani, ile iliyoingizwa inazibeba zenzake, na miezi mitatu baadaye umerudi. Betri ya haibridi inabadilishwa nzima, au moduli zote zipimwe na zipangwe zinazolingana.

MwanaMuyeye aliandika:

Shukran sana, ami FundiBarani, na wewe HesabuKwanza. Hapa kwenye bei sasa. Tumeambiwa haibridi ina nafuu ya ushuru kwa sababu inaokoa mafuta. Ni kweli? Na mbona karatasi ya mnada ya Aqua inasema 35 kwa lita nanyi mnapiga hesabu kwa 20?

KliaKilindini alijibu:

Nafuu hiyo kwa haibridi ya kawaida haipo. Gari la umeme mtupu ndilo lenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Mengine yanahesabiwa kwa ukubwa wa injini: hadi 1500cc asilimia 20, kupita hapo 25, na petroli ya kupita 3000cc au dizeli ya kupita 2500cc ni 35. Kompyuta ya ushuru inasoma cc, haisomi lita.

Mfano: thamani ya forodha laki tano. Ushuru wa kuingiza asilimia 35 ni 175,000. Kwa 1500cc, asilimia 20 ya 675,000 ni 135,000. VAT asilimia 16 ya 810,000 ni 129,600. Jumla 439,600, bado zile tozo ndogo za uagizaji na reli. Gari la 1800cc lenye thamani hiyo hiyo: ushuru wa bidhaa 168,750, VAT 135,000, jumla 478,750. Limezidi kwa 39,150.

Sasa angalia Prius, haibridi ya 1800cc. Inakunywa chini ya gari lolote la kawaida la 1500cc, lakini inalipa daraja la juu. Huku 1500cc iliyochoka inapita daraja la chini. Ngazi hii imejaza barabara zetu magari ya 1500cc na chini, na kwa ujumla hilo limesaidia, lakini inaadhibu teknolojia ile ile tunayosema tunaitaka. Ingekuwa bora ushuru ufuate gramu au lita zilizoandikwa kwenye cheti cha gari. Anayekunywa alipe zaidi, anayeokoa arudishiwe, na serikali isipoteze senti.

Kumbuka pia sharti la KS 1515, kiwango cha Kenya cha magari: gari lililopita miaka minane haliingizwi. Kwa mwaka 2025 ilibidi gari liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Sharti hilo ndilo sheria yetu ya mafuta isiyo na jina: linatuletea shabaha za Japani kwa kuchelewa miaka saba minane. Ila likikazwa mno, bei ya magari itapanda na mwenye matatu ya zamani ataikalia mpaka ioze, kwa hivyo barabara itajaa vyuma vya zamani kuliko sasa.

HesabuKwanza alijibu:

Naunga mkono. Kuhusu ile 35: Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilipimwa 35.4 kwa lita kwa JC08, kipimo cha zamani cha Kijapani. Ni gari juu ya mashine maabarani, eisi imezimwa, hakuna matuta ya Mtwapa, hakuna masanduku manne juu ya keria. Punguza theluthi moja hadi asilimia 40 ndipo ufike kwenye barabara yetu. Kipimo kipya, WLTC, ambacho ni lazima Japani tangu 2018, kiko karibu zaidi na ukweli. Msilinganishe gari la JC08 na la WLTC kama kwamba namba ni za mizani moja, gari jipya litaonekana baya bila kosa.

Pimeni wenyewe. Jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Tembea si chini ya kilomita 300, rudi pampu ile ile, ujaze vile vile, gawanya. Fanya kwa matangi matano uchukue wastani, moja pekee linadanganya kwa povu na mteremko wa sakafu. Na kama tairi ni kubwa kuliko za asili, mita ya kilomita inasoma chini na hesabu yote imeharibika.

Nauli: katika safari ya Mombasa mafuta ndiyo gharama kubwa kuliko zote za kila siku, lakini nauli haishuki kwa sababu gari moja limeokoa. Hushuka magari mengi yakiokoa na yakigombea abiria wale wale. Kabla ya hapo akiba ni ya mwenye gari. Upande wa pili, tozo ya barabara ilipanda Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Inakusanywa kwa lita, kwa hivyo haibridi yenu itachangia barabara shilingi 7,800 kwa mwezi pale Probox ingechangia 12,000, na zote zinapita lami ile ile. Magari yakizidi kuokoa, serikali italazimika kupandisha tozo au kuanza kutoza kwa kilomita. Msiweke mpango wa miaka mitano mkidhani akiba itabaki ilivyo.

BintiAmu aliandika:

Na sisi wa Amu (Lamu) msitusahau, gari letu ni mashua. Injini nyingi za Mokowe–Amu bado ni za stroki mbili za kabureta. Zinatupa hadi robo ya petroli nje bila kuungua, kwa sababu mlango wa kutolea moshi uko wazi mchanganyiko mpya ukiingia. Marekani ilizibana kwa sheria ya 1996, zikaanza kutoweka madukani mwao, lakini huku bado zinauzwa mpya, kwa kuwa ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na hakuna kanuni ya kuzizuia. Ya stroki nne inaokoa sana, ila ni ghali, ni nzito kwa mashua ndogo, na inataka oili kila saa 100. Hesabu ni ile ile ya HesabuKwanza: mashua ya abiria ya kutwa inajilipa, ya mvuvi wa mara mbili kwa wiki haijilipi. Wenye stroki mbili, wekeni oili mililita 20 kwa lita ya petroli kama injini yenu ni ya 50 kwa 1. Kuzidisha hakuilindi injini, kunachafua plagi na kuongeza unywaji.

FundiBarani alijibu:

Kwa kikundi cha MwanaMuyeye: kwa kilomita 6,240 kwa mwezi chukueni haibridi, na mimi ningechukua Fielder kuliko Aqua kwa sababu ya nafasi ya mizigo. Mfumo wa haibridi ni wa aina moja na Aqua, vipuri vinapatikana Mombasa.

Ikifika, kabla ya kukabidhiwa, unganisha kifaa cha kusoma kompyuta na tazama volti za kila bloku (kundi la moduli) ya betri, gari likipanda mlima na eisi imewashwa. Tofauti ndogo si kitu. Bloku moja ikiwa chini ya zenzake kwa volti moja hivi, kuna seli imekufa, maana kila seli ni 1.2. Tazama pia kijitangi cha maji ya kupozea inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), ambacho ni tofauti na cha injini. Ukikifungua gari likiwa limewashwa, maji yaonekane yakizunguka. Yakisimama tuli, pampu yake imekufa, na inveta itaifuata barabarani.